Mshipa, Neva na Fundo la Goti

Katika Kiswahili cha kila siku neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa. Mshipa ni njia ipitayo damu. Mshipa ni neva. Mshipa ni hata ukano unaomuuma mtu aliyeinua gunia vibaya. Na huko pwani mtu akisemwa kwamba ana mshipa, yamkini maana yake ni ugonjwa wenyewe, ama ngiri ama busha. Frederick Johnson, katika kamusi yake iliyotolewa mwaka 1939, aliziweka maana za njia ya damu na neva chini ya neno hilo hilo moja, kwani ndivyo wasemaji walivyolitumia. Ni rahisi kulichukua jambo hili kuwa dalili ya upungufu, na kudai kwamba lugha isiyotenganisha njia ya damu na njia ya fahamu haifai kufundishia utabibu. Dai hilo ni jepesi. Historia ya sehemu moja ya kichwa, ndogo kuliko punje ya mahindi, yatosha kuonyesha kwamba mataifa yenye sifa kubwa katika elimu ya mwili yalianza na neno moja vivyo hivyo, yakachukua zaidi ya miaka elfu mbili kuvitenganisha vitu vilivyokuwa ndani yake, na mwishowe yakagundua kwamba mahali pale vitu hivyo haviwezi kueleweka kimoja bila kingine.

Sehemu hiyo imo katika njia ya neva ya uso. Neva hii hutoka katika shina la ubongo, ikaingia katika mfupa mgumu uliolibeba sikio, ikapita ndani ya mfereji wa mfupa wenye urefu wa sentimita 3 hivi, kisha ikatokea chini ya sikio na kutawanyika usoni kama vidole vya mkono. Hakuna neva nyingine itokayo kichwani ambayo hufungwa ndani ya mfupa kwa masafa marefu kiasi hicho. Karibu na mwanzo wa mfereji huo neva hujikunja ghafla, na katika mkunjo wake pana kivimbe kidogo, yaani fundo la seli za neva. Kwa kuwa mkunjo huo ulifananishwa na goti, fundo likapewa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo. Kwa Kiswahili laweza kuitwa fundo la goti, ila msomaji asilichanganye na kifundo cha mguu; hapa tumo kichwani, ndani kabisa ya mfupa wa sikio.

Ni lazima jambo moja lieleweke mapema, maana ndilo lililowasumbua wataalamu wengi. Seli za fundo hili si za kusogeza uso. Kazi yake ni kupokea: ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, na mguso kutoka sehemu ndogo ya ngozi ya sikio. Nyuzi zinazoamrisha misuli ya uso kukunja kipaji, kufumba jicho na kucheka hupita kandokando ya fundo pasipo kusimama, kama basi la masafa lipitavyo kituo kidogo. Hata hivyo, fundo na nyuzi hizo humo ndani ya mfereji mmoja usiotanuka. Pakivimba humo, uso wa mtu hupinda kwa muda wa saa chache tu: mdomo huvutwa upande mmoja, maji ya kunywa humwagika, na jicho la upande uliopooza hubaki wazi hata usingizini.

Wayunani wa kale walikuwa na neno neuron, na kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa na maana ya ukano, au uzi wa upinde. Waandishi wa mapokeo ya Hippocrates hawakuwa na sababu ya kuzitenganisha kano na neva, kwa kuwa zote mbili ni nyuzi nyeupe ngumu ambazo mtu huziona anapochinja mnyama. Aristotle aliuweka mwanzo wake katika moyo. Praxagoras wa Kos ndiye aliyetenganisha ateri na vena, lakini yeye naye alidhani kwamba ateri hubeba hewa, na kwamba zikizidi kuwa nyembamba hugeuka kuwa neura, nazo ndizo zinazosogeza viungo. Yaani kwa mwanafunzi huyo hodari wa mwili, njia ya damu na neva vilikuwa kitu kimoja chenye ncha mbili. Mswahili asemaye mshipa asingeona ajabu yoyote katika fundisho hilo.

Utengano wenyewe ulifanyika Iskandaria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mikononi mwa Herophilus na Erasistratus. Hao walipata ruhusa iliyokuwa adimu, ya kupasua maiti za binadamu, nao wakazifuata neva hadi ubongoni na kwenye uti wa mgongo, wakaonyesha kwamba ziko za kuhisi na ziko za kusogeza. Jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba hawakutunga neno jipya. Walilichukua lile lile neuron, wakalipunguza maana. Ukano ukapata jina lake lingine, na neno la zamani likabaki na neva peke yake. Kilatini kikafuata njia hiyo kwa neno nervus, ambalo nalo lilikuwa ni ukano kabla ya kuwa neva. Kiarabu kilipozipokea elimu hizi kikatumia neno asab, lenye mzizi unaohusu kufunga na kukaza, nalo pia limetumika kwa kano na kwa neva. Lugha tatu za utabibu wa kale, basi, zilianza mahali kilipoanzia Kiswahili.

Galen, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alizihesabu neva za kichwani jozi saba. Neva ya uso na neva ya kusikia alizitia katika jozi moja, ya tano, kwa sababu huingia pamoja katika tundu moja la mfupa. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 1,500. Hata hivyo, waliokuwa wakiwatazama wagonjwa hawakungoja hesabu isahihishwe. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki mwaka 925 hivi, alieleza katika kitabu chake kikubwa, al-Hawi, ugonjwa wa kupinda uso ambao Waarabu huuita laqwa. Alitofautisha kupooza kwa misuli na kukakamaa kwake, tena akazingatia dalili za kuonyesha kwamba ubongo nao umeguswa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutengea ugonjwa huo huo nafasi yake katika Kanuni. Tofauti hiyo kati ya uso uliopinda kwa sababu ya neva na uso uliopinda kwa sababu ya ubongo ndiyo ambayo hadi leo daktari huitafuta kwanza kabisa. Kwa kawaida humwambia mgonjwa ainue nyusi. Ugonjwa wa ubongo huacha kipaji kikunjike. Ugonjwa wa neva hukiacha kikiwa laini kama cha mtoto.

Mfereji wenyewe ulielezwa vizuri na Gabriele Falloppio katika kitabu kilichotolewa Venice mwaka 1561, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Aliona umefanana na bomba la kupitishia maji, akaupa jina hilo. Mwingereza Thomas Willis, mwaka 1664, aliigawa jozi ya zamani katika sehemu ngumu na sehemu laini. Ile ngumu ndiyo neva ya uso, ile laini ndiyo ya kusikia. Mwaka 1777 Heinrich August Wrisberg akaonyesha kwamba katikati yake ipo sehemu nyingine nyembamba, ambayo leo inajulikana kuwa ndiyo yenye nyuzi za fundo la goti. Mwaka mmoja baadaye Samuel Thomas Soemmerring, akiwa bado mwanafunzi huko Göttingen, alizipanga upya neva zote za kichwani kuwa jozi kumi na mbili. Ndivyo neva ya uso ilivyopata namba yake ya saba, ambayo haijabadilika.

Kufikia hapo majina yalikuwa yamenyooka, ila sababu ya ugonjwa ilikuwa bado gizani. Nicolaus Anton Friedreich wa Würzburg aliandika mwaka 1797 juu ya wagonjwa watatu waliopooza uso, akaulaumu upepo wa baridi. Huku kwetu pia, uso ukimpinda mtu ghafla, wako wanaosema kwamba amepigwa na upepo. Mara nyingi kauli hii hudharauliwa kuwa ni ushirikina wa pwani. Lakini maprofesa wa Ujerumani waliisema katika vitabu vyao vya Kilatini, na baadaye, kama itakavyoonekana, ikavalishwa mavazi ya kisayansi na kutumiwa kwa miaka mingi katika hospitali za Marekani.

Jina lililoshika ni la Charles Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1774. Mwezi wa Julai mwaka 1821 aliwasilisha mbele ya Royal Society mjini London maelezo ya majaribio aliyoyafanya juu ya punda. Alipokata neva ya saba, pua ya punda iliacha kutanuka wakati wa kupumua, na huku mnyama akaendelea kutafuna. Kutokana na hayo Bell alikata shauri kwamba hii ni neva ya kupumulia ya uso. Kauli hiyo haikusimama, na juu ya neva ya tano pia alihitaji kusahihishwa na wengine, François Magendie akiwa mmoja wao. Lakini alikuwa ameonyesha kwa uwazi kwamba kupooza uso mzima wa upande mmoja kwaweza kutokea pasipo ubongo kuwa na dosari yoyote. Kwa mgonjwa hiyo ni tofauti ya kuogopa kifo na kungoja kupona, na ndiyo sababu ugonjwa ukaitwa kwa jina la Bell, wala si la Friedreich aliyemtangulia.

Fundo lenyewe liliingia katika historia kwa mlango wa pembeni, kupitia ugonjwa wa ngozi uitwao mkanda wa jeshi. Felix von Bärensprung wa Berlin, katika miaka ya 1861 hadi 1863, alihusisha malengelenge ya mkanda wa jeshi na mafundo ya neva yaliyo kandokando ya uti wa mgongo. Mwaka 1900 Henry Head na Alfred Walter Campbell wakatoa matokeo ya kupasua maiti 21 za watu waliokuwa wamepata ugonjwa huo. Katika mafundo yaliyohusika waliona damu iliyovuja, seli za neva zilizokufa, na makundi ya seli ndogo za duara zilizojaa humo. Kwa lugha ya leo, seli hizo ndogo ni seli za kinga. Wakati ule umuhimu wake haukuwa bayana. Zilichukuliwa kuwa ni alama ya uharibifu, kama majivu baada ya moto.

James Ramsay Hunt wa New York aliisoma kazi hiyo, akajiuliza juu ya wagonjwa waliokuwa na malengelenge sikioni pamoja na uso uliopooza. Mwaka 1907 akatangaza kwamba chanzo ni fundo la goti: virusi, ingawa hakulitumia neno hilo, vinaliharibu fundo, ngozi ya sikio inatoa malengelenge, na uvimbe unazibana nyuzi za kusogeza uso zinazopita jirani. Hoja yake ilisimama zaidi juu ya mpangilio wa dalili kuliko juu ya fundo lililotazamwa katika hadubini. Kwa hiyo, Derek Denny-Brown na wenzake walipochapisha uchunguzi wa maiti mwaka 1944, mjadala ulifufuka. Waliona seli za kinga zimejaa katika neva ya uso yenyewe, ilhali fundo la goti lilikuwa limeguswa kidogo tu. Je, ugonjwa ni wa fundo au ni wa neva? Swali hilo liliulizwa kana kwamba lazima jibu liwe moja.

Wakati huo huo kundi jingine la madaktari lilikuwa likitazama damu. Mwaka 1932 Charles Ballance na Arthur Duel walitetea upasuaji wa kuufungua mfereji ili neva iliyobanwa ipate nafasi. Mwaka 1949 J. A. Hilger akaeleza kwamba tatizo la kwanza ni mishipa ya damu: vijishipa vinavyoilisha neva hukazwa, kwa mfano na baridi, neva hukosa damu, ikavimba, uvimbe nao ukaibana mishipa iliyosalia, na mzunguko huo ukajirudia. Hapo ndipo upepo wa Friedreich uliporudi ukiwa umevaa koti jeupe, na wagonjwa wakawa wanapewa dawa za kutanua mishipa ya damu. Dawa hizo hazikuleta faida iliyotarajiwa. Lakini wazo la mzunguko, la uvimbe unaojilisha wenyewe ndani ya mfupa usiotanuka, lilikuwa zuri, na limedumu kuliko dawa zake.

Upasuaji wa baadaye, hasa kazi ya Ugo Fisch mjini Zürich kuanzia miaka ya 1970, ulionyesha mahali penyewe. Mlango wa mfereji una upana wa milimita 0.7 hivi tu, na hapo ndipo penye msongo. Sehemu fupi kati ya mlango huo na fundo la goti ina mishipa michache ya damu. Ni kama shamba la mwisho wa mfereji wa umwagiliaji, ambalo hupata maji kutoka pande mbili na kutoshibishwa na upande wowote. Fundo lenyewe lina hali tofauti kabisa. Limezungukwa na wavu wa mishipa midogo inayoletwa na tawi la ateri ya utando wa ubongo na tawi la ateri ipitayo nyuma ya sikio. Picha za sumaku zilipoanza kutumiwa pamoja na dawa ya gadoliniamu, wataalamu waliona jambo ambalo mwanzoni liliwababaisha: fundo la goti hung’aa hata kwa mtu mwenye afya njema. Halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa na damu nyingi tu.

Utajiri huo wa damu si ajali. Seli za fundo la kuhisi hufanya kazi usiku na mchana, tena kila moja hulisha uzi mrefu mno ukilinganishwa na mwili wake. Vipimo vilivyofanywa katika mafundo ya uti wa mgongo wa panya vimeonyesha kwamba mishipa ya damu ni mingi zaidi mahali zilipo seli kuliko mahali zipitapo nyuzi. Aidha kuta za mishipa hiyo zinavuja kidogo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alikuwa ametia rangi katika damu ya wanyama na kuona viungo vyao vyote vikigeuka rangi isipokuwa ubongo. Ubongo una boma. Mafundo ya kuhisi hayana boma kama hilo. Vitu vilivyomo katika damu, viwe chakula au sumu, huyafikia kwa wepesi kuliko vinavyoufikia ubongo, na pamoja na vitu hivyo hupita seli za kinga.

Hapa yafaa kumkumbuka Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma viluwiluwi vya kiti cha pwani kwa miiba, akaona seli zinazotembea zikiuzunguka mwiba na kujaribu kuumeza. Kwa kazi yake juu ya seli hizo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Ehrlich. Tangu hapo seli kubwa zinazomeza, ziitwazo makrofaji, zimejulikana kuwa walinzi wa mwili. Zimo pia katika mafundo ya neva, tena si kama wageni waliokuja kwa ajili ya vita, bali kama wakaaji wa kudumu. Uchunguzi wa panya uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, katika mafundo ya uti wa mgongo, baadhi ya makrofaji huishi zimejibana kwenye mishipa midogo ya damu na kumeza protini zinazovuja kutoka humo. Mlinzi ameketi mlangoni kwa sababu mlango una ufa.

Kuhusu fundo la goti la binadamu, habari zenyewe zilianza kukusanyika katika miaka ya 1990. Dokezo lilikuwa limetolewa mapema: mwaka 1972 David McCormick aliandika kwamba ugonjwa wa Bell huenda ukasababishwa na virusi vya herpesi simpleksi, vile vile viletavyo vipele vya maji midomoni. Mwaka 1992 Yasushi Furuta na wenzake wa Japani walivikuta virusi hivyo vimelala ndani ya mafundo ya goti ya watu waliokufa kwa sababu nyingine. Mwaka 1996 Shingo Murakami na wenzake walichunguza majimaji ya neva yaliyochukuliwa wakati wa upasuaji, wakapata chembe za urithi za virusi hivyo kwa wagonjwa 11 kati ya 14 wenye ugonjwa wa Bell. Virusi vya tetekuwanga, ndivyo vya mkanda wa jeshi, navyo hulala katika mafundo ya namna hii.

Swali lililofuata ni gumu zaidi. Ikiwa watu wengi wamevibeba virusi hivi maisha yao yote, kwa nini uso wa mtu mmoja hupinda na wa jirani yake haupindi? Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 2010 na watafiti wa München, walioonyesha kwamba kulala kwa virusi vya herpesi katika fundo la goti huandamana na kuwapo kwa seli za kinga ziitwazo seli T. Katika majaribio ya panya, juu ya fundo la neva ya tano, seli za namna hiyo zimeonekana zikivizuia virusi visiamke pasipo kuiua seli ya neva inayovihifadhi. Jambo hili ni la ajabu. Kwa kawaida seli hizi huua seli yoyote yenye virusi. Lakini seli ya neva ikifa hairudishwi, kwa hiyo hapa muuaji amekuwa mlinzi wa gereza. Zile seli ndogo za duara ambazo Head na Campbell waliziona kama majivu zilikuwa, kwa sehemu, ndizo zinazouzuia moto.

Ulinzi huo ukidhoofika, virusi huweza kuamka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 madaktari wa Afrika ya Kati waliandika kwamba kupooza uso ghafla kulikuwa kunaonekana kwa watu wenye virusi vya Ukimwi, wakati mwingine kabla ya dalili nyingine kujitokeza; ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii katika nchi zetu hushauriwa kupimwa. Lakini ulinzi ukizidi kipimo pia hudhuru. Seli za kinga zikiitwa kwa wingi hutanua mishipa ya damu, maji huvuja, neva huvimba, na mfereji wa milimita 0.7 hausogei hata kidogo. Kwa hiyo Hilger hakukosea kuhusu mzunguko. Alikosea kuhusu mwanzo wake. Na ubishi wa Hunt na Denny-Brown juu ya fundo au neva huonekana sasa kuwa ubishi wa watu waliokuwa wakitazama vyumba viwili vya nyumba moja inayoungua.

Ushahidi wa tiba waafiki maelezo hayo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uskoti, nchi alikozaliwa Bell, kwa wagonjwa 551 waliopokelewa katika muda wa saa 72 tangu uso kupinda. Baada ya miezi tisa, asilimia 94.4 ya waliopewa prednisoloni, dawa inayotuliza kinga na kupunguza uvimbe, walikuwa wamepona kabisa, na kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 81.6. Dawa ya kuua virusi, asikloviri, ilipotolewa peke yake haikuleta tofauti. Ni kweli kwamba wengi hupona hata bila dawa. Hesabu ndefu ya Erik Peitersen wa Denmark, iliyotolewa mwaka 2002, ilionyesha kwamba asilimia 71 ya wagonjwa wa Bell wasiotibiwa walirudi kuwa kama zamani. Lakini hao asilimia 29 waliosalia ni watu wenye nyuso zao, na saa 72 hupita upesi.

Saa hizo hupotea mara nyingi katika maneno. Mtu amkaye na mdomo uliopinda husikia kwa jamaa zake kwamba ni kiharusi, naye akajiona amekwisha. Au kwamba ni upepo, akapelekwa kwa mganga wa kumpunga. Akifika kwa daktari huambiwa kwamba mshipa wa uso umevimba. Kauli hiyo si ya uongo, ila mgonjwa huelewa mshipa wa damu, na mara hufikiria presha, na kurudi nyumbani akipunguza chumvi badala ya kulifunika jicho lake usiku lisikauke na kupata vidonda.

Kiswahili cha shule kimejaribu kuondoa mashaka hayo kwa kusema mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ni ufumbuzi wa kifundi, nao unafanana na ule wa Herophilus kwa kuwa unaliacha neno la wenyeji mahali pake na kulipunguza maana. Kasoro yake huonekana hapa hapa penye fundo la goti. Seli za fundo kwa hakika ni za fahamu, kwani huleta ladha na mguso. Lakini nyuzi zinazopooza katika ugonjwa wa Bell hazileti fahamu yoyote, hutoa amri tu. Mgonjwa akiambiwa kwamba mshipa wake wa fahamu una ugonjwa huweza kujibu, na kwa haki, kwamba fahamu zake ni timamu na shavu lake linahisi mguso barabara. Neno neva halina kasoro hiyo. Ni geni, ni fupi, halidai lolote juu ya kazi ya kitu kinachotajwa, na limekwisha kukaa katika vitabu vya baiolojia. Neno mshipa nalo lingeachiwa damu, kama neuron lilivyoachiwa neva. Mgonjwa angeweza basi kuambiwa kwa sentensi chache kwamba neva ya uso wake imebanwa mfupani, kwamba ubongo wake ni mzima, kwamba mishipa ya damu iliyo jirani imevujisha maji kwa sababu kinga ya mwili inapigana humo, na kwamba dawa ya kutuliza uvimbe ianze leo, wala si Jumatatu.